Sanduku la Nani? Kwa Nini TANU Moja Ina Historia Nyingi

Mpwa wangu anasoma mwaka wa pili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jumapili moja alikuja nyumbani na vitabu viwili kwenye begi, akaviweka mezani hata kabla hajakaa. "Shikamoo mjomba. Kati ya hawa wawili kuna mwongo. Niambie ni yupi."

Kimoja kilikuwa kile cha Chuo cha CCM Kivukoni cha mwaka 1981, historia ya TANU tangu 1954 hadi 1977. Alikuwa amekipata kwa wauza vitabu wa chini kule Posta, jalada limeliwa na mende pembeni. Cha pili ni cha Mohamed Said juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, kilichotoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1998, baadaye kikatafsiriwa kwa Kiswahili. Vyote viwili vinasimulia jinsi chama hicho cha siasa kilivyozaliwa katika mji huu wa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, kwenye mtaa uliokuwa ukiitwa New Street na ambao leo ni Lumumba. Ukivisoma kwa kufuatana, utadhani vinazungumzia miji miwili.

Sikumjibu palepale. Chakula kilikuwa tayari, na mambo ya TANU hayajibiwi kwa tumbo tupu. Lakini swali lake nimelisikia mara nyingi, barazani Kariakoo, kwenye daladala, hata kwa watu wazima waliosoma sana: vitabu viwili vya historia vinawezaje kusimulia siku moja kwa namna mbili, na msomaji amfuate nani?

Kwanza yapo mambo ambayo hakuna anayeyagombania. African Association iliundwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1920, vitabu vingi huandika 1929, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu. Baadaye ikawa Tanganyika African Association, yaani TAA. Mwaka 1950 uongozi wa makao makuu ulishikwa na vijana: Dk. Vedasto Kyaruzi akawa rais, na Abdulwahid, mtoto wa Kleist, askari aliyerudi kutoka vita vya Burma, akawa katibu. Serikali ya kikoloni ikamhamisha Kyaruzi nje ya mji. Aprili 1953 akachaguliwa rais mpya, Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni Edinburgh. Mwaka uliofuata TAA ikageuzwa TANU. Machi 1955 Nyerere akaenda kuzungumza Umoja wa Mataifa, New York, na aliporudi akaacha kazi ya ualimu.

Ugomvi uko kwenye maana ya yale ya 1953. Katika usimulizi wa chama, huo ndio mwanzo wenyewe: TAA ilikuwa jumuiya ya kusaidiana na kukutana jioni, akaja Nyerere akaitia siasa na muundo. Katika kitabu cha Mohamed Said, Nyerere anapanda gari ambalo injini yake imekwisha kuwaka. Abdulwahid na wenzake walikuwa na wazo la chama cha siasa kwa miaka kadhaa, na kabla ya uchaguzi ule Abdulwahid alisafiri hadi Nansio, Ukerewe, kushauriana na mwenzake wa TAA, Hamza Mwapachu, juu ya kumwachia Nyerere uongozi. Kwa hiyo kura za 1953 zinazoonekana katika kitabu kimoja kama ushindi wa Nyerere dhidi ya Abdulwahid, katika kitabu cha pili ni makabidhiano yaliyokwisha kupangwa.

Nilipomaliza kula nilimuuliza mpwa wangu swali moja tu: "Huyu aliandika kutoka sanduku gani? Na yule?"

Nasema sanduku kwa maana ya karibu na ya kweli kabisa, la bati, lile la chini ya kitanda. Kila kitabu cha historia kimeandikwa kutoka kwenye karatasi fulani na midomo fulani. Mwandishi hakuwepo pale New Street. Anachojua ni kile ambacho mtu mwingine alikiweka, na watu huweka vitu kwa sababu zao.

Chuo cha Kivukoni kiliandika miaka minne baada ya TANU na ASP ya Zanzibar kuungana kuwa CCM. Kazi yake ilikuwa kufundisha makada. Kitabu cha kufundishia makada hakiandikwi ili kueleza nani alimshawishi nani sebuleni usiku. Kinaandikwa ili kada ajue chama kilipita wapi, kiliazimia nini, mstari wake ulikuwa upi. Sanduku lake lilikuwa la maazimio, hotuba na mikutano mikuu, na katika sanduku la namna hiyo mtu hupata ukubwa kadiri cheo chake kilivyokuja kuwa. Aliyefika mwisho wa safari akiwa Rais huonekana mkubwa tangu ukurasa wa kwanza. Aliyejiondoa njiani au aliyefariki mapema hubaki jina kwenye orodha. Abdulwahid alifariki mwaka 1968.

Mohamed Said alifungua sanduku la familia: barua na picha za akina Sykes, pamoja na wazee wa mjini ambao yeye mwenyewe alikaa nao. Sanduku la familia linajua mambo ambayo faili la ofisi haliwezi kuyajua. Linajua mgeni alilala nyumba ya nani, nauli ilitoka mfuko wa nani, nani alimtambulisha mwalimu wa Pugu kwa wazee wa Gerezani ili asionekane mtu wa kuja. Kwa anayeujua mji huu, hayo si madogo. Hata leo ukitaka kufanya jambo Kariakoo bila mtu wa kukushika mkono utazunguka mpaka jioni. Lakini sanduku hilohilo lina upofu wake. Halijui sana yaliyokuwa yakiendelea Usukumani wakati huohuo, na linampenda mwenyewe.

Hapa niseme ninavyoona mimi. Wapo wanaokikimbia kitabu cha Mohamed Said kwa sababu jina lake la Kiingereza linataja harakati za Waislamu, na wapo wanaokikumbatia kwa sababu hiyohiyo. Nadhani wengi katika makundi yote mawili wameishia kwenye jalada. Kina nguvu kubwa kinapoonyesha kwamba watu fulani walikuwepo, walitoa, walihatarisha, na kisha majina yao hayakuandikwa. Hapo ni vigumu kumpinga. Kinapotoka hapo na kusema kwamba hawakuandikwa kwa makusudi, kazi inakuwa nyingine. Kusahauliwa na kufutwa huacha pengo lilelile kwenye ukurasa, na ili kuonyesha kwamba pengo hili ni la kufutwa unahitaji ushahidi kuhusu aliyeshika kalamu, si kuhusu aliyeachwa. Msomaji makini huutazama mpaka huo kila mara mwandishi anapouvuka, awe mwandishi huyu au mwingine yeyote.

Sanduku la tatu ni la serikali. John Iliffe, Mwingereza aliyefundisha historia hapa Mlimani, alitoa mwaka 1979 kitabu kinene cha historia ya Tanganyika ambacho mpaka leo wanafunzi wanakiogopa kwa uzito wake. Aliyapekua majalada ya wakoloni, barua za wamisionari, ripoti za wilaya. Ukimsoma Iliffe, Dar es Salaam inapungua ukubwa. Unakutana na Wameru walionyang'anywa ardhi yao mwaka 1951, na Kirilo Japhet anakwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952, miaka mitatu kabla ya Nyerere. Unakutana na vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba kanda ya Ziwa. Ghafla New Street inakuwa mtaa mmoja kati ya mingi, na swali la nani alimpa nani uongozi linaonekana la watu wa mjini.

Lakini faili la mkoloni nalo lina macho yake. Limeandikwa na mkuu wa wilaya anayetaka kumwonyesha bosi wake kwamba ana habari, au na kachero aliyekaa nyuma ya mkutano na daftari. Linamwona mtu anayeandika barua ya malalamiko, anayesoma hotuba, anayejua Kiingereza. Anayepiga ngoma halimwoni, au likimwona linaandika kwamba watu walikuwa wanacheza.

Hapo ndipo ninapompeleka kila mtu kwa Susan Geiger. Kitabu chake juu ya wanawake wa TANU kilitoka mwaka 1997, na alianza kazi ile miaka ya themanini kwa kukaa chini na Bibi Titi Mohamed na kumsikiliza. Sanduku lake halikuwa na karatasi, lilikuwa mdomo. Na mdomo ule ulieleza jambo ambalo masanduku mengine matatu hayakuwa nalo kabisa.

Mwaka 1955 Mwingereza mmoja wa chama cha Labour, John Hatch, alipotembelea TANU aliuliza wanawake wenu wako wapi. Wanaume wakatazamana. Likatafutwa jina, likapatikana la Titi, aliyekuwa akijulikana mjini kwa uimbaji katika kundi la ngoma lililoitwa Bomba. Katika usimulizi wa kawaida hadithi inaishia hapo: chama kikawaamsha wanawake. Geiger anaigeuza. Anasema chama hakikuwaamsha, kiliwakuta macho. Vikundi vya ngoma vya wanawake wa mjini vilikuwa na viongozi, michango, na urafiki na vikundi vya miji mingine. Ndani yake Mzaramo alikaa na Mmanyema na Mnyamwezi na Mndengereko, wote wakiimba kwa Kiswahili, bila mtu kuwaambia kwamba huo ni utaifa. Titi alipozunguka kuomba watu wajiunge hakwenda mlango kwa mlango kama mgeni. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma, na ngoma nzima ikahama na kiongozi wake.

Maana yake ni kwamba umoja ambao vitabu vingine vinauona ukishuka kutoka kwa viongozi kwenda kwa watu, kwa sehemu yake ulikuwa unapanda. Wanaume waliokaa mkutanoni New Street walipata chama kilichoweza kujaza viwanja vya mji kwa sababu kulikuwa na mtandao ambao wao hawakuutengeneza na pengine hawakuuheshimu. Mimi kwa maoni yangu hakuna kitabu kilichobadilisha swali la TANU kuliko hiki, na hakikufanya hivyo kwa kugombana na mtu. Kiliketi tu na watu ambao hawakuwa wameulizwa.

Bibi Titi mwenyewe alikuja kuhukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini, akaachiwa mwaka 1972, na kwa muda mrefu jina lake halikuwa la kutajwa jukwaani. Leo Maktaba Kuu ya Taifa iko kwenye barabara inayoitwa kwa jina lake. Nenda ukaulize pale vipo vitabu vingapi juu yake kwa Kiswahili.

Sasa mtu asije akadhani masanduku haya yana kufuli na hayajuani. Mwaka 1973 Iliffe alihariri mkusanyiko wa maisha ya Watanzania mbalimbali, na ndani yake yumo Kleist Sykes, ameandikwa na mjukuu wake Daisy Sykes Buruku. Yaani sanduku la familia lilikuwa limekwisha kupanda Mlimani robo karne kabla ya kitabu cha Mohamed Said. Aliyetaka kuona angeona. Jambo kuwemo kwenye kitabu kimoja cha chuoni na jambo kuingia kwenye masimulizi ya nchi ni safari mbili.

Kuna kitu kingine cha kutazama, nacho ni mwaka wa kitabu. Katika miaka ya sitini idara ya historia pale Mlimani, ikiongozwa na Terence Ranger, ilikuwa na kazi moja mbele yake: kuonyesha kwamba Mwafrika ana historia na yeye ndiye mtendaji ndani yake. Wakoloni walikuwa wamesema vinginevyo kwa miaka mingi, na nchi ilikuwa changa. Mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania kwa moyo huo. Miaka 12 baadaye, 1981, Arnold Temu yuleyule akaandika na Bonaventure Swai kitabu kinachoikosoa historia ya namna hiyo: kwamba ilishughulika mno na utendaji wa Mwafrika na kupigania uhuru, ikaacha kuuliza ni Mwafrika yupi aliyefaidika. Mtu ni mmoja, chuo ni kimoja. Swali ndilo lililobadilika.

Na lilibadilika kwa sababu ya hewa ya mji huu. Walter Rodney alikuwa akifundisha hapa, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House ya hapa Dar kwa kushirikiana na wachapishaji wa London. Issa Shivji alikuwa akiandika juu ya matabaka, na kitabu chake cha 1976 hakina shujaa, si Nyerere wala Sykes. Wote wamo ndani ya tabaka moja dogo la wasomi, makarani na wafanyabiashara linaloelekea kushika dola. Kisha mwaka 2020 Shivji huyohuyo, na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, wakatoa juzuu tatu juu ya mtu mmoja, Nyerere. Ukikutana na vitabu hivi viwili bila kutazama miaka utasema mzee amejipinga. Ukitazama miaka utaona kwamba mwaka 1976 Nyerere alikuwa Ikulu na Azimio la Arusha lilikuwa sera ya kubishana nayo, na 2020 vyote viwili vilikuwa vimekwisha kuwa historia.

Tawasifu za viongozi nazipitia haraka, kwa sababu nadhani watu huzitegemea mno. Mkapa alitoa yake 2019, Mwinyi yake 2021, na hii ya Mwinyi ina fadhila ya kuandikwa kwa Kiswahili kizuri cha mtu aliyekipenda. Tawasifu ni sanduku ambalo mwenyewe amelipanga kabla hujafika. Usiende huko kutafuta nani alianza nini. Nenda kutafuta mahali ambapo mwenyewe anasita, kama Mkapa anapokiri kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 ni doa katika utawala wake. Ukurasa kama huo una thamani kuliko sura nzima ya mafanikio.

Na yako masanduku yaliyofungwa. Sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inaziweka nyaraka za serikali kando kwa miaka 30 kabla ya kufunguliwa. Hilo linavumilika. Linalouma zaidi ni yale yaliyosafirishwa. Waingereza walipoondoka kwenye makoloni walibeba majalada waliyoona hayafai kuachwa mikononi mwetu, na mwaka 2011, baada ya wazee wa Mau Mau wa Kenya kuwashitaki London, serikali yao ikakiri kwamba ilikuwa ikiyahifadhi mahali paitwapo Hanslope Park. Yalianza kufunguliwa mwaka uliofuata kwenye hifadhi yao ya taifa, na ya Tanganyika yamo. Kwa hiyo mtafiti wa Dar es Salaam anayetaka kujua kachero wa Dar es Salaam aliandika nini kuhusu mkutano wa Dar es Salaam anahitaji viza.

Nilimfundisha mpwa wangu kuanza kitabu kutoka nyuma. Aliona ni ajabu, kwa sababu shuleni walimfundisha kuruka tanbihi, yale maelezo madogo ya vyanzo. Lakini tanbihi ndiyo mahali mwandishi anapokuonyesha sanduku lake. Hesabu: mahojiano mangapi, na nani, mwaka gani? Aliyehojiwa 1968 juu ya 1954 anakumbuka miaka 14. Aliyehojiwa 1995 anakumbuka miaka 41, na katikati amesikiliza hotuba nyingi. Majalada yametoka Upanga kwenye Nyaraka za Taifa, au London, au nyumbani kwa mtu? Na kama kitabu hakina tanbihi hata moja, si lazima kiwe cha uongo, ila kinakuomba ukiamini kama unavyomwamini jirani, na jirani una haki ya kumjua tabia kwanza.

Baada ya wiki mbili alinipigia simu. Hakuniuliza tena nani mwongo. Aliniuliza kama bibi yake, mama yangu, aliwahi kucheza ngoma. Nikamwambia amuulize mwenyewe, na aende na daftari, na asiende wakati wa tamthilia.

Masanduku mengine tunayapoteza wenyewe, bila Mwingereza. Neno kavazi, la mahali pa kuhifadhia nyaraka, wengi tulilisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2015 lilipozinduliwa Kavazi la Mwalimu Nyerere pale COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, karibu na kituo cha Sayansi. Ni jambo jema. Lakini kavazi hupokea vya wakubwa. Vikundi vya mazishi, vya ngoma, vya mpira wa mitaani, daftari zao ziko kwenye nyumba za Ilala, Temeke na Magomeni, na mwenye nyumba akifa vijana husafisha chumba ili wapangishe.

Juzi nilinunua karanga Mnazi Mmoja. Zilifungwa kwenye karatasi ya daftari kubwa yenye mistari myekundu, wino wa bluu umefifia. Nilipozimaliza niliikunjua. Ilikuwa orodha ya michango: majina ya wanawake kumi na mmoja, shilingi mbili mbili, mwezi wa nne 1978, na mbele ya jina la saba mtu alikuwa ameandika kwa mwandiko mwingine, "amesema ataleta Ijumaa". Nilirudi kwa kijana wa karanga kumuuliza daftari lenyewe liko wapi. Alinionyesha jalada. Ndani zilikuwa zimebaki kurasa nne.